Vidole Vifupi, Gitaa Lilelile

Mwalimu wa kwaya alinishika mkono wa kushoto, akabandika kiganja chake juu ya changu mbele ya kwaya nzima. Ncha za vidole vyake zikavipita vyangu kwa pingili nzima. Akauinua mkono wangu uonekane, kama fundi anayeonyesha shati lililokatwa vibaya, kisha akasema kwa upole, "Binti yangu, vidole hivi Mungu kaviumba kwa ajili ya sindano. Rudi kwenye sauti ya pili."

Watu wakacheka. Hawakunicheka kwa chuki, na hicho ndicho kilichoniuma. Mtu akikucheka kwa chuki unajua pa kumweka. Hawa walikuwa watu wangu, tumeimba pamoja kwa miaka, tumezikiana na kuozeshana, na walicheka kwa sababu jambo lenyewe kwao lilikuwa dogo: mama mtu mzima, fundi cherehani, ametaka kupiga gitaa la solo, ameambiwa ukweli, yameisha. Nikarudi kwenye mstari wa sauti ya pili, nikaimba mpaka mwisho wa mazoezi. Lakini kwangu hayakuwa yameisha.

Kanisa letu liko Utemini, hapa Singida mjini. Mpigaji wetu wa solo alikuwa amehamia Dodoma kufuata kazi, na gitaa la umeme la kwaya likabaki limeegemea ukuta nyuma ya spika, limefunikwa kitambaa cha meza kana kwamba ni maiti. Kila Jumamosi nililitazama. Tangu nikiwa mtoto kijijini Mtinko, redio ya baba ikiimba mimi sikuwa nikifuata maneno, nilifuata gitaa. Wenzangu walishika ubeti, mimi nikashika ile milio midogo inayopita kati ya ubeti na ubeti, nikaiimba kwa mdomo nikichunga ndama. Hakuna aliyeniambia kwamba mwanamke anaweza kuipiga, na hakuna aliyeniambia kwamba hawezi. Jambo lenyewe halikuwahi kuzungumzwa mpaka siku ile nilipoinua mkono na kusema nataka kujifunza.

Mwalimu alikuwa na umri wa baba yangu mdogo. Kwetu mtu wa umri ule hujibizani naye. Unamwamkia, unamsikiliza, unaondoka. Nilifanya yote hayo. Nilimuaga vizuri, nikamshika mkono kwa mikono miwili, nikaenda nyumbani nikiwa nimeshaamua.

Gitaa nililipata kwa jirani, mama mmoja aliyekuwa akifundisha sekondari na amehamishiwa mkoa mwingine. Lilikuwa gitaa la kawaida, lisilo la umeme, limening'inia kwenye msumari sebuleni kwake, ubavu wake umepasuka na kugundishwa na gundi ya mbao. Aliniambia hajawahi kulipiga, aliachiwa na kaka yake. Nikamshonea mapazia ya nyumba anayohamia, naye akanipa gitaa, tukaagana kila mmoja akiona kapata zaidi.

Mimi nashonea kwenye kibaraza cha duka la vitambaa mjini. Wenye duka ni familia ya Kiislamu yenye asili ya India, babu yao ndiye aliyelifungua, na mama wa dukani tunaheshimiana sana. Akikata kitambaa mteja hutoka nacho mlango ule ule na kuniletea mimi. Ijumaa mchana hufunga kwa ajili ya swala, na kibaraza chote kinabaki changu. Hapo ndipo nilipoanza. Nilikaa nyuma ya cherehani, gitaa mapajani, simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo, nikitazama video za watu wanaofundisha.

Nieleze kidogo ili mtu asiyelijua gitaa anielewe. Shingo ya gitaa imekatizwa na vyuma vyembamba, na nafasi kati ya chuma na chuma wapigaji wa kwetu tunaiita chumba. Karibu na kichwa cha gitaa vyumba ni vipana. Kadiri unavyoshuka kuelekea tumboni vinazidi kuwa vyembamba. Mkono wa kushoto unabana nyuzi, wa kulia unazipiga. Mtu wa solo anatakiwa kila kidole kiwe na chumba chake: cha shahada chumba cha kwanza, cha kati cha pili, cha pete cha tatu, cha mwisho cha nne, bila mkono kusogea. Bwana mmoja niliyemtazama kwenye simu vidole vyake vilitanda juu ya nyuzi kama miguu ya buibui. Vyangu vilitanda mpaka chumba cha tatu, vikakwama. Kidole changu cha mwisho kilibaki kimesimama hewani kikitetemeka, kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja halipo.

Halafu kulikuwa na F. Kila anayejifunza gitaa anaijua. Ni mojawapo ya zile mbano za vidole ambazo wapigaji huziita kodi, si ile ya serikali, ingawa nayo inatoza. Kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi zote kwa pamoja, na vingine vinapangwa mbele yake. Nilipobana hivyo gitaa halikulia, lilikohoa.

Nikasema sawa. Kama tatizo ni vidole, nitavirefusha.

Hilo ndilo wazo lililonitawala. Kwenye simu nilikuwa nimeona mazoezi ya kunyoosha vidole, yamefanywa taratibu, kwa upole, na mtu anayetabasamu. Mimi sikuwa na muda wa upole. Nikachukua gunzi la mahindi, lile jembamba linalobaki ukishapukuchua, nikalipachika kati ya kidole cha pete na cha mwisho, nikakaa nalo nikichambua mboga. Likaingia. Nikatafuta gunzi nene zaidi. Baadaye nikawa nayapachika kila pengo, nikiyafunga kwa kipande cha kanga ili yasichomoke, nakaa hivyo jioni nzima huku kiganja kikiwaka moto. Mume wangu, dereva wa lori la alizeti, alirudi safari akanikuta hivyo, akauliza nimeumia wapi. Nikamwambia sijaumia, najifunza gitaa. Akauliza kama kuna chai.

Kila kidole kilipouma nilimkumbuka Mwalimu na kile kiganja chake, nikakaza kanga. Sikuwa nikimchukia. Nilikuwa nikimbishia, na kwa kuwa sikuweza kumbishia kwa mdomo nikambishia kwa mkono.

Asubuhi moja nikafika kibarazani, nikashika mkasi kwa mkono wa kulia kama kawaida, nikaweka kitambaa na kutaka kukishika kwa mkono wa kushoto. Mkono ukakataa. Vidole viwili vya nje vilikuwa vimevimba chini kabisa, pale vinapoota kwenye kiganja, na maumivu yalikuwa yakipanda mpaka kiwiko. Nilijaribu kuingiza uzi kwenye sindano ya cherehani, nikashindwa. Mezani kulikuwa na gauni la bibi harusi mtarajiwa, limekatwa tayari, linasubiri kushonwa. Nikalikunja, nikalipeleka kwa fundi mwenzangu mtaa wa pili, nikamwomba anisaidie. Aliniuliza imekuwaje, nikamwambia mkono. Hakuuliza zaidi, nami nikashukuru.

Kwa siku kadhaa nilijikanda kwa maji ya chumvi, haikusaidia. Mdogo wangu ameolewa Kiomboi, akanipigia simu akanisikia sauti, akasema panda basi uje, hapa hospitali kuna mtu wa mazoezi ya viungo. Nikapanda.

Mtaalamu huyo alikuwa kijana kuliko mimi, mpole, mwenye mikono mikubwa ya mkulima. Aliushika mkono wangu, akaugeuza, akabonyeza hapa na pale, akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia nashona. Akasema ushonaji hauleti hivi. Akauliza kama nafua nguo nyingi, kama napukuchua mahindi. Ningeweza kusema ndiyo, likaisha. Lakini nilikuwa nimechoka kulificha gitaa kama mtu anayeficha pombe. Nikamwambia kila kitu, hadi magunzi.

Sikuona kicheko usoni pake. Aliuliza gunzi lilikaa wapi, kwa muda gani, nilihisi nini. Halafu akaniambia jambo ambalo nilipaswa kulijua mimi niliyezaliwa nyumba yenye ng'ombe.

"Dada yangu, mkono hauwambwi kama ngozi. Ngozi unaivuta kwa vigingi kwa sababu imeshakufa. Hiki ni kitu kilicho hai, ukikivuta kwa nguvu nacho kinajikunja kujilinda."

Akaniambia kidole hakirefuki, hata kikivutwa na trekta. Kinachoongezeka ni nafasi kati ya kidole na kidole, na kila kidole kujua kwenda peke yake bila kumburuta mwenzake. Akasema nipumzishe mkono mpaka uvimbe uishe, nisishike gitaa kabisa, kisha nianze upya kwa utaratibu atakaonionyesha. Na akaongeza, kwa uaminifu wake, kwamba hana uhakika kama mkono wangu utafika ninakotaka ufike. Mikono inatofautiana.

Nikamjibu, "Mimi sikuja kuuliza kama itawezekana. Nimekuja kuuliza nifanye nini."

Alicheka kidogo hapo, kisha akavuta kiti akakaa mbele yangu. Akanionyesha. Kwanza mkono upashwe joto kwenye maji ya vuguvugu. Kisha kiganja kilale juu ya meza, vidole vitanuliwe polepole mpaka pale ninapohisi mvuto, si maumivu, nikae hapo nikipumua, niachie. Halafu kiganja kikiwa bado mezani ninyanyue kidole kimoja kimoja, vingine vikae kimya. Cha pete kilikataa katakata kunyanyuka peke yake. Nilikiangalia kama mtoto mkaidi darasani. Akanionyesha pia kuurudisha mkono nyuma kwa kuusukuma kidogo na mwenzake, na kuutikisa kama mtu anayekung'uta maji. Mwisho akanipa kalamu, akaniambia niishike kana kwamba ndiyo shingo ya gitaa. Alipoona jinsi nilivyoing'ang'ania, gumba limejikunja kwa juu na kifundo cha mkono kimepinda kwa ndani, akatikisa kichwa. Gumba akalisogeza likae nyuma, katikati. Kifundo akakinyoosha. Vidole vyangu, kwenye kalamu ile, vikafunguka vyenyewe kuliko vilivyowahi kufunguka kwa gunzi lolote.

Kwa kuwa sikuweza kushona, sikurudi mjini moja kwa moja. Nilikwenda Mtinko kwa mama. Alizeti ilikuwa imekomaa, vichwa vimeinama, na mama alihitaji mtu hata wa mkono mmoja. Asubuhi nilikuwa nachemsha maji, nayapooza, natumbukiza mkono kwenye beseni, kisha nakaa kwenye kigoda uani na kutandaza kiganja juu ya ungo uliogeuzwa. Mama alinitazama kwa siku mbili tatu. Siku moja akaja na kigoda chake, akaketi, akaniuliza kwa Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani, kama hiyo ni dawa au ni ibada.

Nikamweleza. Nilitegemea aseme kile watu wa kwetu wanachosema, kwamba umri huu si wa mambo hayo, kwamba watoto wako sekondari na wewe unacheza. Na kweli alianza hivyo. Aliuliza ni nani atakayeosha vyombo nikiwa nimekumbatia gitaa. Aliuliza mume anasemaje, nikamwambia mume anaulizia chai. Halafu akataka kujua kwa nini nililazimisha mkono mpaka ukavimba, na hapo nikamsimulia Jumamosi ile, kiganja juu ya kiganja, na maneno ya sindano, na kicheko.

Mama akaunyoosha mkono wake wa kushoto akauweka juu ya ungo, kando ya wangu. Sikuwa nimewahi kuvitazama vidole vyake namna ile. Vilikuwa vidole vilevile. Ufupi uleule, kucha zilezile pana, kidole cha mwisho kilichopinda kidogo kwa ndani. Vyake vimekomaa na kuvimba viungoni kwa kukamua, kusaga, kupalilia, kufinyanga, kuosha watoto na kuosha maiti.

"Huo mkono ni wangu," akasema. "Nimekupa mimi. Aliyeucheka amenicheka mimi."

Basi ikawa hivyo. Tangu siku ile maji alichemsha yeye. Nikichelewa kuamka ananigongea mlango kwamba maji yanapoa. Alikaa nami, akatandaza na yeye kiganja chake akijaribu kunyanyua kidole cha pete, kikimshinda anakitukana kwa Kinyaturu, tunacheka wote wawili. Majirani waliopita uani wakiuliza tunafanya nini aliwajibu kwamba tunafanya kazi. Nilimwomba mara moja anikaze vidole kidogo, kwa kuwa nilikuwa naona naenda polepole mno. Alikataa. Akasema ng'ombe anayekamuliwa kwa hasira hufunga maziwa.

Nilirudi mjini mkono ukiwa umetulia. Mshono wa kwanza niliushona kwa kuogopa, wa pili kwa kuogopa kidogo, kisha nikasahau. Gitaa nalo nikalianza upya, na safari hii nikatumia akili. Badala ya kuanzia kwenye vyumba vipana vya juu, nilianzia chini kule karibu na tumbo la gitaa ambako vyumba ni vyembamba na hata mkono wangu unakaa kama mwenye nyumba. Kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Uzi baada ya uzi. Pakishazoeleka, napanda chumba kimoja kuelekea kichwani. Mvuto ukigeuka kuwa maumivu, naacha, naukung'uta mkono, nashona kola, narudi. Kuna majuma nilikaa chumba kilekile bila kusogea hata kimoja. Mama wa dukani alitoka siku moja akaniambia huo mlio umeurudia hadi yeye anauota, nikamwambia pole, akasema hapana, endelea, lakini ubadilishe basi hata kidogo.

F ilinipa shida mpaka siku nilipogundua kwamba hakuna sheria inayosema lazima kidole kilale juu ya nyuzi zote. Nilibana nne tu, zile za chini, mbili za juu nikaziacha zisipigwe. Ikalia. Si kama ya yule bwana wa kwenye simu, ilikuwa nyembamba zaidi, lakini ilikuwa F, na mtu yeyote mwenye masikio angeitambua. Na pale ambapo kidole cha mwisho hakifiki kabisa, na mpaka leo kuna pale hakifiki, nikajifunza kuusogeza mkono wote haraka na kurudi kabla mlio haujakatika.

Mwaka ukawa umezunguka. Kipupwe kilikuwa kimeanza, ule upepo wa Singida unaokausha midomo na kukakamaza mikono, nilipoamua kwenda. Jumamosi ile nililitundika gitaa begani kwa mkanda nilioushona mwenyewe kwa kitambaa cha jinzi, nikaingia mazoezini kabla watu wengi hawajafika. Mwalimu alikuwa amekaa akipanga karatasi za nyimbo. Nikamwamkia. Akanijibu marahaba, akalitazama gitaa, akanitazama.

"Binti yangu, si nilikwambia?"

"Uliniambia, Mwalimu," nikasema. "Sikukubali."

Nadhani hakuwa amewahi kujibiwa hivyo na mtu aliyetoka kumwamkia. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Sauti yangu haikuwa ya ujeuri. Nilikuwa nimeirudia sentensi ile njiani, nikiipunguza ukali hadi ikabaki na ukweli peke yake. Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa cha mpigaji solo, sikuomba ruhusa, nikaanza kuipasha joto mikono kwa kuisugua.

Waimbaji wakaingia, wakaona, wakanong'ona. Wimbo wa kwanza ulipoanza nikaingia nao. Nilikuwa naujua wimbo ule kuliko ninavyojua njia ya kwenda kwangu. Pambio la kwanza likapita vizuri. La pili, mlio mmoja ukaniponyoka, ukalia kama mlango. Mwalimu akainua mkono, kwaya ikanyamaza. Akasema pale nimekosea. Nikasema najua, turudie. Akasema kwaya haiwezi kurudia kwa ajili ya mtu mmoja.

Dada mmoja wa sauti ya kwanza, mmoja wa wale waliocheka mwaka ule, akasema kutoka nyuma kwamba mbona akina kaka wa besi huwa tunawarudia hadi jua linazama. Mwalimu akahesabu, tukaanza tena. Nilipofika pale pale, sikukimbilia. Nikausogeza mkono, nikabana, mlio ukatoka mzima, nikaendelea hadi mwisho.

Hakunisifia. Alisema itakuwa kwa mazoezi tu, kuhusu ibada ya Jumapili wataamua viongozi wa kwaya. Viongozi walikaa, wakaahirisha, wakakaa tena. Mmoja alisema haipendezi mama kukaa na gitaa mbele ya madhabahu. Mwingine akasema watu wa makanisa mengine watatuonaje. Walinitumia dada yule yule wa sauti ya kwanza anishauri kwa upole nirudi kuimba, sauti ya pili imepungua. Nikamtuma awarudishie jibu kwamba sauti ya pili nitaiimba nikiwa nimekaa na gitaa, mdomo wangu hauko vidoleni. Kila Jumamosi nikaenda. Kila Jumamosi nikamwamkia Mwalimu, nikakaa kiti kilekile. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyeniruhusu.

Jumapili ya mavuno, watu wameleta magunia ya alizeti na mtama, kuku na mbuzi, kanisa limejaa, nilisimama kwenye mstari wangu wa sauti ya pili kama nilivyoelekezwa. Wimbo wa sadaka ukatangazwa. Palikuwa na besi, palikuwa na kinanda, na lile gitaa la umeme liliegemea ukuta na kitambaa chake. Nikatoka mstarini. Nikalifunua, nikachomeka waya, nikakaa. Nilimtazama Mwalimu usoni, na katika maisha yangu sijamtazama mtu mzima namna ile. Aliinua mikono. Nilifikiri ananizuia. Alikuwa anaanzisha wimbo.

Nyuzi za gitaa lile zimelala karibu na shingo, hazihitaji nguvu kama za langu la mapazia. Vidole vilikwenda vyenyewe. Sikupiga kwa ufundi wa kushangaza mtu. Nilipiga kilichotakiwa, mahali kilipotakiwa, na watu walitembea kupeleka sadaka zao juu yake. Mama mmoja mwenye kuku mkononi alisimama mbele yangu akacheza kidogo, kisha akaendelea na safari yake ya madhabahuni.

Tangu hapo ndimi mpigaji solo. Hakuna kikao kilichoamua. Mwalimu hajawahi kuniambia nilifanya vizuri, na wala hajawahi kutaja tena habari ya vidole. Ananikemea nikichelewa, ananisimamisha nikikosea, anawageukia akina kaka wa besi anawakemea vilevile. Juzi tulibishana kwa sababu kuna wimbo mmoja wa zamani ambao anautaka upigwe kama ulivyopigwa na yule aliyehamia Dodoma, na mahali pamoja unadai kidole cha mwisho kivuke vyumba vitano. Changu hakivuki. Mimi napita njia nyingine, noti mbili zinabadilika. Akasema si sahihi. Nikamwambia, shikamoo Mwalimu, mimi nitaupiga hivi.

Akaitika marahaba. Tukaupiga hivyo.